Maneno ya Kiingereza Yanayofanana Yakitazamwa kutoka Upande Wetu

Jumamosi iliyopita binti wa jirani yangu, anayesoma kidato cha pili, alinikuta barazani akiwa na daftari lake la Kiingereza. Baada ya shikamoo na marahaba alilifungua kwenye ukurasa wenye mkasi mwekundu wa kosa, akaweka kidole juu ya sentensi moja: 'My uncle borrowed me his bicycle.' Pembeni hapakuwa na maelezo yoyote. "Mama, mjomba aliniazima baiskeli kweli," aliniambia, "na kamusi inasema 'borrow' ni kuazima. Kosa liko wapi?"

Swali hilo nilipaswa kulijibu miaka mingi iliyopita. Kabla ya kuingia katika kazi ya kufasiri nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari mkoani Tanga, na najua ni mara ngapi kalamu yangu ilipita juu ya sentensi kama hiyo bila kuacha neno la ufafanuzi. Mtoto huyu hakukosea kwa uvivu. Amesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, na akafanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya: alifikiri kwa lugha yake, akatafuta neno katika kamusi, akaliandika. Kilichomponza ni dhana ambayo kamusi ndogo huijenga bila kukusudia, kwamba neno la Kiingereza na neno la Kiswahili lililoandikwa mbele yake yamekatwa kwa kipimo kimoja.

Tukitazame kitenzi kuazima. Kwa Kiswahili naweza kusema "niliazima baiskeli kwa mjomba", na naweza pia kusema "mjomba aliniazima baiskeli", na kitenzi ni kilekile. Kinachomjulisha msikilizaji baiskeli imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani ni kile kiambishi -ni- kilichokaa ndani ya kitenzi, pamoja na neno "kwa" katika sentensi ya kwanza. Wapo wanaosema kuazimisha ili kuutenga upande wa mtoaji, lakini hata asiyesema hivyo haeleweki vibaya. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo mwelekeo kimeuweka ndani ya kitenzi chenyewe: 'borrow' ni ya anayepokea, na 'lend' ni ya anayetoa. Mwingereza akisikia 'my uncle borrowed', tayari ameshamwona mjomba akipokea kitu, na lile 'me' linalofuata linakosa mahali pa kukaa.

Lakini Kiswahili nacho kina mpaka mahali ambapo Kiingereza hakina. Baiskeli huazimwa, fedha hukopwa. Kilichoazimwa hurudi chenyewe: jembe lilelile, sufuria ileile ya shughuli, kanga ileile aliyoivaa ndugu yako harusini. Kilichokopwa hutumiwa kikaisha, na kinachorudi ni mfano wake. Jirani akichukua kibaba cha mchele kwako amekopa, hakuazima, kwa sababu mchele ule utaliwa na utakaorudishwa ni mwingine. Wanafikihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameitenga mikataba hii miwili kwa majina, ariya na karadha, na sheria ya Kirumi iliitenga pia, commodatum na mutuum, kwa kuwa wajibu wa aliyepokea si mmoja: wa kwanza anatunza mali ya mwenzake, wa pili mali imekwisha kuwa yake na juu yake kuna deni. Kiingereza cha kila siku husema 'borrow' kwa yote mawili. Kisha kuna kukopa dukani, yaani kuchukua sabuni leo na kulipa mwisho wa mwezi, ambako kwa Kiingereza si 'borrow' hata kidogo. Huko husema 'buy on credit', kwa kuwa wanauona kuwa ni ununuzi uliochelewa kulipwa. Mtu anayefasiri mkataba wa ushirika wa akiba hana budi kwanza kuuliza ni kitu gani kinachotolewa, ndipo aulize kinaelekea kwa nani, na maswali hayo mawili kila lugha huyapanga kwa namna yake.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulieleza. Vitabu vya maneno yanayochanganywa huyapanga maneno ya Kiingereza mawili mawili kana kwamba yanafanana kwa asili yake. Kwa Mwingereza 'borrow' na 'lend' hayafanani zaidi ya kuingia na kutoka. Yanafanana yakitazamwa kutoka upande wetu, kwa sababu sisi tumesimama mahali ambapo neno moja linayafunika yote mawili. Kwa hiyo orodha iliyoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Madrid haiwezi kumtosha mwanafunzi wa Korogwe. Ina jozi ambazo yeye hatazichanganya kamwe, na imeziacha zile zitakazomsumbua maisha yake yote.

Binti alipolielewa hilo alinirukia na jozi nyingine. Alikuwa ameandika 'Please remember me to bring the book', akimaanisha "tafadhali nikumbushe kuleta kitabu." Hapa kosa lina hatari ya pekee, kwa sababu 'remember me to' ni usemi halisi wa Kiingereza wenye maana nyingine kabisa: 'Remember me to your mother' ni "nisalimie mama yako." Tunachosema sisi kwa mkia mdogo wa kitenzi, kumbuka na kumbusha, Kiingereza hukisema kwa vitenzi viwili, 'remember' na 'remind'. Ndivyo ilivyo pia kwa kula na kulisha, kuona na kuonyesha, kujifunza na kufundisha. Mswahili amezoea kwamba akitaka kusababisha jambo atauongeza mkia, naye anapoutafuta mkia huo katika Kiingereza haupati.

Hata hivyo mkia huo uliwahi kuwapo, na habari yake ni nzuri kiasi kwamba siwezi kuipita haraka. Katika lugha za kale ambazo Kiingereza kimetokana nazo palikuwa na kiambishi cha usababishi chenye sauti iliyo karibu na "y", kilichokaa baada ya shina la kitenzi. Kadiri karne zilivyopita sauti hiyo iliivuta irabu iliyoitangulia mpaka ikageuka, kisha kiambishi chenyewe kikadondoka, na kilichobaki ni irabu iliyogeuka bila kuonekana aliyeigeuza. Ndiyo maana leo tunazo 'sit' na 'set', yaani kuketi na kuketisha. Tunazo 'fall' na 'fell', kuanguka na kuangusha, ingawa 'fell' siku hizi husemwa hasa kwa mti. Tunazo 'drink' na 'drench', ambayo zamani ilikuwa kunywa na kunywesha, na hadi leo daktari wa mifugo husema 'drench' anapomnywesha ng'ombe dawa. Na tunazo 'lie' na 'lay', kulala na kulaza.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona jambo hili kwa urahisi kuliko hata Mwingereza, kwa kuwa lugha yetu imepitia njia iliyo karibu sana na hiyo. Hatusemi "lalisha" kwa mtoto tunayempeleka kitandani, tunasema laza. Hatusemi "ponisha", tunasema ponya. Ogopa imezaa ogofya, waka imezaa washa, lewa imezaa levya, na ona, ambayo wengi hawaishuku, imezaa onya, kwa maana ya kumfanya mtu aione hatari kabla haijamfika. Kiambishi cha zamani cha Kibantu, chenye sauti iliyo karibu na "i", kiliibadilisha konsonanti iliyokuwa mbele yake, kama kile cha wenzetu kilivyoibadilisha irabu. Nilipokuwa mwalimu sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu hilo, kwa kuwa sikulijua, na nimelijutia. Mtoto akishajua kwamba 'lay' ni laza na 'lie' ni lala, hatauliza tena kwa nini 'lay' hutaka kitu cha kulazwa na 'lie' haikitaki. Kwake ni jambo analolijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Ugumu mmoja unabaki, nao si wa Waswahili peke yao. Wakati uliopita wa 'lie' ni 'lay', kwa hiyo neno lile lililo "laza" kwa leo ni "alilala" kwa jana: 'he lay on the mat' ni "alilala juu ya mkeka." Waingereza na Wamarekani wenyewe hukosea hapa kila siku, wakisema 'lay down' mahali pa 'lie down', na mwanafunzi anayewasikia katika filamu asishangae. Aandike kwa usahihi, awaache wao waseme wapendavyo.

Zipo jozi ambazo hazihitaji maelezo marefu. 'Hear' na 'listen' hazimsumbui Mswahili, kwa kuwa kusikia na kusikiliza zimegawanyika mahali palepale. Kinachomsumbua ni kwamba kusikia kwetu kunabeba njaa, baridi, uchungu na harufu, na Kiingereza hakikubali chochote kati ya hivyo kipite sikioni: njaa na baridi ni 'feel', harufu ni 'smell'. Vilevile 'wait', 'hope' na 'expect' tunazo kwetu kama kungoja, kutumaini na kutarajia, lakini katika barua tunazibadilishana kwa uhuru ambao Kiingereza hakina. Anayeomba kazi akimalizia kwa 'I expect your reply' amemwambia mwajiri kwamba jibu ni haki yake na kuchelewa kwake kutakuwa kosa. 'I hope to hear from you' ndiyo yenye adabu aliyoikusudia. Nimewahi kumsahihishia kijana mmoja barua yenye sentensi hiyo, kijana mwenye heshima nyingi, ambaye barua yake ingemtambulisha kwa asiyemjua kuwa mtu wa kuamrisha.

Na ipo jozi ya kivuli, ninayoipenda kwa ajili yake yenyewe. Unapokaa chini ya mwembe saa saba mchana umekaa katika 'shade', mahali ambapo jua halifiki. Unapotembea asubuhi, jua likiwa nyuma yako, na umbo lako refu linakutangulia ardhini, hilo ni 'shadow'. Sisi tunasema kivuli kwa yote mawili. Inapendeza kujua kwamba Waingereza nao zamani walikuwa na neno moja, lililobadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi, na maumbo hayo mawili ya neno moja ndiyo yaliyokuja kugawana maana. Kiswahili kimeupata mgawanyo huo kwa njia nyingine. Tunaposema nakala kivuli au waziri kivuli, hakuna anayefikiria mahali pa kupumzikia. Tunafikiria umbo linaloufuata mwili mwingine, yaani 'shadow' tupu.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa ambayo gharama yake ni mkasi daftarini au barua isiyojibiwa. Katika sheria gharama ni nyingine. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kazi ya kuzifasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza imekuwa haja ya kila siku. Anayefanya kazi hiyo hukutana mapema na 'theft' na 'robbery'. Katika mazungumzo tunasema wizi kwa yote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatofautisha wizi na unyang'anyi: mtu aliyechukua mali yako huku akitumia nguvu au akitishia kuzitumia, iwe kabla tu ya kuiba, wakati wa kuiba au mara baada yake, hakuiba tu, amenyang'anya. Na akiwa na silaha, kifungu cha 287A kinampa kifungo kisichopungua miaka 30. Nchini Kenya jina lililozoeleka ni wizi wa mabavu, ambalo si jina baya, ila linamfanya msomaji wa Tanzania asiyelizoea adhani ni aina ya wizi tu, kumbe ndilo kosa ambalo Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 296(2), imeliwekea adhabu ya kifo.

Hata sarufi ya maneno haya inatutega. Kwa Kiingereza 'steal' hutaka kitu kilichochukuliwa, na 'rob' hutaka mtu au mahali palipochukuliwa kitu. Sisi tunasema "nimeibiwa" bila shida, kwa kuwa ile -i- ya kutendea imeshabeba habari kwamba kitu kimechukuliwa kutoka kwangu. Anayeifasiri neno kwa neno na kuandika polisi 'I was stolen' ameripoti kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa. 'Burglary' nayo ina sharti ambalo watu wengi hawalitazamii, kwa kuwa ni kuvunja na kuingia ndani ya nyumba usiku. Sheria ya Kenya inaliita kosa hilohilo 'housebreaking' likitendwa mchana, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 7, lakini usiku linakuwa 'burglary' na kifungo kinafika miaka 10. Nao usiku umepimwa: kuanzia saa 12 na nusu jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Mfasiri akiandika "uvunjaji wa nyumba" mahali pote pawili, saa zile zinapotea, na miaka 3 ya maisha ya mtu imesimama juu ya saa zile.

Magazeti yetu nayo yana neno mauaji, ambalo halisemi kama aliyeua alikusudia. Kiingereza cha mahakama hutenga 'murder' na 'manslaughter', na Kiswahili cha mahakama kimepata tafsiri zilizo wazi kabisa, kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Ni ndefu, lakini zimeweka mpaka mahali sheria ilipouweka, na kwa Tanzania mpaka huo ndio unaotenga hukumu ya kifo na kifungo ambacho jaji ana nafasi ya kukipima. Ninapoona kichwa cha habari kinachosema mtu "ameshtakiwa kwa mauaji" natamani mhariri angeongeza maneno mawili tu.

Halafu 'shall' na 'may'. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, katika kifungu cha 53, imezieleza bila kuacha shaka: panapotumika 'may' katika kumpa mtu mamlaka, anaweza kuyatumia au kuyaacha kwa hiari yake, na panapotumika 'shall' katika kumpa jukumu, ni lazima alitekeleze. Tatizo ni kwamba 'shall' mara nyingi tunaifasiri kwa wakati ujao, "atatoa taarifa", na msomaji wa kawaida anaweza kuisoma kama utabiri wa jambo litakalotokea. Binafsi ninaitetea tafsiri hiyo, kwa sababu Kiswahili cha katiba kimeshaizoea. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na hakuna Mtanzania anayeisoma ibara hiyo kama ubashiri. Ninalolihofia zaidi ni "anaweza", ambalo kwetu ni la uwezo, la ruhusa na la uwezekano, mambo matatu kwa neno moja. "Afisa anaweza kuingia katika jengo": je, ana nguvu za kuingia, ameruhusiwa kuingia, au huenda akaingia? Kiingereza cha sheria kinasema 'may', na katika sheria hiyo ni ruhusa peke yake. Mahali penye utata mimi huandika "ana mamlaka ya kuingia", na sijawahi kujuta.

Jozi iliyonifundisha kuliko zote, lakini, ni 'safety' na 'security', ambazo sisi tunaziita usalama. Asili za maneno zinafurahisha hapa. 'Safe' limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mzima, asiye na dhara, na salama yetu, kutoka Kiarabu, ina maana hiyohiyo ya uzima, ingawa maneno hayo mawili hayana udugu. 'Secure' limetoka kwingine: ni la mtu asiye na wasiwasi. Kwa asili basi usalama uko karibu na 'safety', lakini matumizi ya dola yaliusogeza mpaka 'security', tukapata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na Usalama wa Taifa, huku usalama barabarani ukibaki 'safety'. Kanuni inayosaidia mara nyingi ni kuuliza hatari inatoka wapi. Katika uwanja wa ndege wanaopekua mizigo ni watu wa 'security', kwa kuwa wanamtafuta mtu mwenye nia mbaya. Ukishaketi ndani ya ndege, mhudumu anayekuonyesha mkanda na boya anazungumzia 'safety', kwa kuwa ajali haina nia. Kwa ile ya kwanza mara nyingi ulinzi hutufaa zaidi ya usalama.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ilinishinda nilipofika kwenye chakula. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja ilinipa vijitabu viwili vya wakulima nivifasiri, kimoja kikihusu 'food security' na kingine 'food safety'. Vyote viwili nikaviita "usalama wa chakula", kila kimoja kwa wakati wake, bila kuviweka pamoja mezani. Maana ya 'food security' haihusu mtu mwenye nia mbaya. Mkutano wa dunia wa chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 uliieleza kuwa ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kukipata chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye lishe. 'Food safety' ni sehemu moja tu ya hayo: chakula ulichokipata kisikudhuru.

Tulikwenda kuvisomea vijitabu katika kikao cha wakulima wa mahindi. Nilipomaliza utangulizi wa kile cha pili, mzee mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono. "Mwanangu," alisema, "usalama wa chakula tunao. Mwaka huu tumevuna vizuri, ghala lina kufuli, na mlinzi tunamlipa." Alikuwa amenielewa sawasawa. Alikuwa ameyachukua maneno niliyompa, akayajibu yote: chakula kipo, na kinalindwa. Kile ambacho kijitabu kilikuja kumweleza, kwamba ghala lililojaa na kufungwa vizuri linaweza kuwa na sumu ndani yake, maneno yangu hayakukifikisha.

Nilikuwa na sababu ya kuumia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo huliharibu ini, na moto wa kusongea ugali hauimalizi. Kipimo kinachokubaliwa na viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu katika kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Hao hawakuuawa na njaa.

Niliporudi niliomba vijitabu vyote viwili vichapishwe upya. Kile cha kwanza tulikipa jina la uhakika wa chakula, ambalo wataalamu wengi wa kilimo nchini Tanzania walikuwa wakilitumia tayari, ingawa katika habari za Kenya bado utasikia usalama wa chakula kwa maana hiyohiyo. Kile cha pili nilikataa kabisa neno usalama liwekwe jaladani. Kiliitwa "Mahindi Yasiyo na Sumukuvu", na ndani yake palipokuwa na 'safe' niliandika kila mara jambo lenyewe: yaliyokauka, yasiyodhuru, yaliyopimwa.

Tulirudi katika kijiji kilekile msimu uliofuata. Mzee yule alikuwapo tena, akakisikiliza kijitabu mpaka mwisho, kisha akainua mkono kama mara ya kwanza. Alitaka kujua kama mahindi yaliyoota kuvu, ambayo sasa ameelewa kwamba hayaliki, yanafaa kupewa ng'ombe ili yasipotee bure. Nikamfungulia ukurasa wenye jibu: sumu ile ng'ombe huipitisha katika maziwa.